Sikio la Fundi Ndambuki

Mwaka 1951, Mwafrika aliyetaka kununua gari kuukuu kati ya Ruiru na Thika alimwendea kwanza Ndambuki. Hakuwa na gereji. Alikuwa na uwanja nyuma ya chumba alichopanga ng'ambo ya reli pale Ruiru, magogo mawili ya mkaratusi ya kuegemezea ekseli, sanduku la spana alilorudi nalo kutoka jeshini, na sikio lake la kulia.

Sikio ndilo lililompa jina. Kule Burma, kikosi chake cha uchukuzi kilipokuwa kikipambana na matope kutoka bonde hadi bonde, hapakuwa na nafasi ya kufungua kila kitu kilichokwaruza. Sajenti mmoja aliwafundisha kushika bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha wanyamaze. Wenzake walisikia kelele. Ndambuki alisikia beringi iliyokauka, vali iliyolegea, jino la gia lililoanza kuliwa.

Miaka michache baada ya kurudi, aliona walowezi wakijinunulia Lendrova mpya na kuziuza zile jipi na malori ya jeshi waliyokwisha kuyachosha mashambani. Waliwauzia Waafrika. Bei waliitaja wenyewe, na hakuna aliyewauliza wameipata wapi. Mnunuzi hakupewa nafasi ya kulijaribu gari barabarani kabla ya kulipa. Alisimama kando, kofia mkononi, akaonyeshwa mali kama mtoto anavyoonyeshwa saa ya baba yake.

Katika hali hiyo, mtu aliyeweza kulijua gari bila kufungua nati hata moja alikuwa na thamani kubwa. Ndambuki alikuja, akasikiliza, na kama gari ni zima alilipiga boneti makofi mawili kwa kiganja. Hayo makofi ndiyo yaliyokuwa hati yake. Watu wa Ruiru walisema gari "limepigwa makofi", maana yake mtu anaweza kuuza ng'ombe akalinunua bila kukosa usingizi.

Alikuwa na majivuno yake pia. "Kufungua ni kwa wasiosikia," alipenda kusema, na alisema hivyo mara nyingi mno.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo watu saba walioshirikiana kutafuta gari walimfuata uwanjani kwake. Msemaji wao alikuwa Gachanja, muuza maziwa, mtu mrefu asiyecheka bure. Pamoja naye alikuwa Waithira, muuza ndizi, mjane aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wa pekee ili aingie katika shirika hilo. Mvua ikinyesha, lori la kukodi halikuweza kupanda migongo ya huko juu wanakotoa maziwa na ndizi, na bidhaa zilichelewa treni ya asubuhi. Jipi, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ingeweza. Mlowezi mmoja wa kahawa, kwenye njia ya Thika, alikuwa akiuza ya mwaka 1943.

"Fundi, hatutaki hotuba," alisema Gachanja. "Twende, usikilize, utuambie."

Mlowezi huyo aliitwa Tolley. Aliitoa jipi mwenyewe hadi mbele ya ghala, imeoshwa mpaka inang'aa, akakubali nyuma yake iinuliwe kwa jeki. Ndambuki alisikiliza injini: ilikohoa kidogo, kama inavyostahili umri wake. Gia: sauti ya kawaida. Kisha akalala chini, akaweka bisibisi kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma ambamo meno ya gia hugeuza nguvu ya injini kuipeleka kwenye magurudumu.

Difu haikulia hata kidogo. Ilizunguka kimya, laini kama siagi.

Kuna kitu kilimgusa moyoni. Gari la miaka minane lisilolia difu ni kama mzee asiyekohoa alfajiri. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye nati ya kumwagia oili.

"Wewe!" Tolley alisema kutoka juu, kwa Kiswahili cha walowezi. "Wewe nakuja sikia, ama nakuja vunja gari yangu? Mimi naambiwa wewe iko fundi ya sikio."

Wale saba walicheka. Ndambuki naye alicheka, akaiachia nati. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomchoma zaidi.

Alisimama, akajipangusa magoti, akaipiga boneti makofi mawili. Tolley aliandika karatasi kwamba jipi inauzwa kama ilivyo na kwamba fundi wa wanunuzi ameikagua. Akamwita Ndambuki atie sahihi chini. Ndambuki alitia, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa jeshini.

Jipi ilifanya kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini ilikuwa ikipanda kutoka mtoni, madebe ya maziwa nyuma na mvua ya rasharasha mbele, ndipo kitu kikapasuka chini kama mwamba uliopigwa baruti. Magurudumu ya nyuma yalifungana. Jipi iliteleza kinyumenyume, ikaegemea ukingo, madebe yakabingirika na maziwa yakateremka barabarani yakiwa meupe juu ya udongo mwekundu. Hakuna aliyeumia. Waithira, aliyekuwa amekaa juu ya mikungu ya ndizi, alishuka akiwa na matope hadi kiunoni, akasimama akiyatazama maziwa.

Waliivuta kwa ng'ombe hadi uwanjani kwa Ndambuki. Wote saba walikuja. Hawakukaa.

"Ulisikia nini?" Gachanja aliuliza. "Siku ile. Hebu tuambie ulisikia nini."

"Sikusikia kitu."

"Hukusikia kitu! Na ukaipiga makofi."

Ndambuki aliingia chini ya jipi na karai, akaifungua ile nati. Oili ya gia hutoka nzito, ya rangi ya asali iliyochomwa. Hii haikutoka. Ilibidi aichokoe kwa waya. Kisha ikaanguka katika karai kwa mabonge meusi, na ndani ya mabonge kulikuwa na vipande vya chuma, na nyuzi. Nyuzi ndefu, kama za kamba iliyofumuka.

Waithira aliinama, akachukua bonge moja kwa vidole viwili, akalifinya, akalinusa.

"Hii ni ndizi," alisema.

"Mama, hiyo ni oili," alisema Gachanja.

"Gachanja, nimeuza ndizi miaka kumi na miwili. Wewe utanifundisha ndizi? Hili ni ganda. Hii ni nyama yake. Hata oili haikuweza kuua harufu."

Ndambuki alitoka chini ya jipi, akaketi kwenye gogo. Sasa alielewa, na uso wake ulimwaka kama aliyepigwa. Aliwaeleza polepole, kwa sababu walikuwa na haki ya kuelezwa. Difu iliyolika meno hulia. Mtu akiijaza ndizi mbivu, maganda na yote, zile ndizi hupondeka zikayavika meno, na kilio hukoma. Hukaa kimya wiki mbili, wiki tatu. Kisha ndizi huungua, hugeuka gundi, oili haifiki popote, na meno hutafunana. Aliwahi kuambiwa habari hiyo jeshini kama kichekesho cha wauza magari wa Ulaya. Hakudhani angekuja kuikuta Ruiru.

Waithira alikuwa ameshika kiuno, anahesabu kitu kichwani.

"Aiya," alisema. "Dalmas. Yule mpishi wa Tolley. Alikuja kibandani kwangu Jumatano kabla hatujanunua. Alitaka ndizi zilizoiva mpaka zikaoza, kikapu kizima. Nikamuuliza, bwana wako siku hizi anafuga nguruwe? Akasema, mama, mimi nimetumwa, sijui. Nikampunguzia bei! Ngai, nikamwongezea na chana moja juu!" Alilitupa lile bonge chini. "Nimetoa ng'ombe wangu, nikauziwa ndizi zangu mwenyewe."

Mtu mmoja alianza kucheka, akatazamwa, akaacha.

Gachanja hakuilaumu ndizi. "Tolley ni mzungu anauza gari," alisema. "Tulijua atatudanganya, ndiyo maana tulikuja na wewe. Hatukununua kwa neno lake, fundi. Tulinunua kwa makofi yako." Alivaa kofia. "Watu wakiniuliza, nitawaambia hivyo hivyo."

Na aliwaambia. Ruiru ni mji mdogo. Kabla ya wiki kwisha, mwenye bucha alikuwa akilipiga paja la mbuzi makofi mawili mbele ya wateja na kusema, "Hili limepita kwa Ndambuki!" Wanawake kisimani waliyapiga madebe yao. Lori lililokuwa liletwe Jumatatu halikuletwa. Wala baiskeli.

Mkewe, Kamene, alivumilia siku nne. Siku ya tano alimkuta ameketi kwenye gogo akiizungusha bisibisi mikononi.

"Baba Mwende, unamwomboleza nani?"

"Jina langu, Mama Mwende. Sina shamba, sina ng'ombe. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu walikiamini bila kukifungua."

"Ndiyo," alisema Kamene. "Bila kukifungua. Hapo ndipo ulipokosea." Akaenda zake kuteka maji.

Ndambuki alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini alipoichimba hasira yake hadi chini, hakumkuta Kamene pale, wala Gachanja, wala hata mwenye bucha. Alimkuta mtu aliyekuwa na ekari zisizohesabika za kahawa, Lendrova mpya na nyumba ya mawe, akimtuma mpishi sokoni kununua ndizi zilizooza ili awaibie watu saba waliouza mifugo. Mtu huyo Jumapili alikwenda kanisani. Karani wa ofisi ya serikali pale Thika alimwinukia kitini. Na endapo mmoja wa wale saba angeiba ndizi moja shambani mwake, angelala ndani.

Ijumaa Ndambuki alimimina uchafu ule ndani ya kopo, akampitia Waithira, wakaenda kwa miguu hadi kwa Tolley.

Alikuwa barazani, anakunywa chai. Hakuwakaribisha. Dalmas, mpishi, alitokeza mlangoni na birika, akaliona kopo, akamwona Waithira, akasimama papo hapo.

"Bwana, hii imetoka katika difu ya jipi uliyotuuzia," alisema Ndambuki, akaliweka kopo kwenye ngazi.

Tolley aliinuka, akatazama, akacheka kwa pua. "Uchafu."

"Ni ndizi, Bwana."

"Watu yako nabeba ndizi. Sasa ndizi naingia kwa gari. Mimi nafanya nini?"

"Ndizi haiingii katika difu, Bwana. Hutiwa na mtu, kwa nati."

Waithira alivuta pumzi ya kusema. Ndambuki alimkanyaga mguu.

Tolley aliingia ndani, akarudi na ile karatasi, akaishika mbele ya macho ya Ndambuki. "Hii nani naandika? Wewe. Mimi hapana lazimisha wewe. Wewe naweka sikio yako, wewe napiga pa, pa, wewe nasema mzuri sana. Kama sikio yako iko bovu, nunua sikio mpya." Kisha akaacha kucheka. "Na kama wewe nazunguka nasema maneno juu yangu, mimi naita polisi. Wewe iko mchochezi. Toka."

Katika miaka ile neno hilo moja lilitosha kumpeleka mtu mbali na watoto wake. Walitoka.

Njiani Waithira alichechemea makusudi. "Mbona ulinikanyaga? Shahidi alikuwa amesimama pale na birika mkononi!"

"Dalmas ana watoto sita katika nyumba ya mwajiri. Ukimtaja, kesho wako barabarani, na Tolley atasema mpishi ndiye aliyetia."

"Kwa hiyo tunanyamaza."

"Sijasema tunanyamaza," alisema Ndambuki. "Nimesema hatumtaji Dalmas."

Jumamosi alikwenda Thika, kwenye shamba la mkonge ambako jipi nyingine ya jeshi ilikuwa imelala miaka miwili kwenye majani, imepondeka mbele kwa ajali. Nyuma yake ilikuwa nzima. Mnyapara, Mkamba mwenzake, alimruhusu kuichukua difu kwa sharti la kuitengeneza pampu ya shamba. Pampu ilimchukua siku mbili. Difu aliipeleka Ruiru kwenye mkokoteni wa punda.

Safari hii alifungua kila kitu. Alifungua hata visivyohitaji kufunguliwa. Alizitoa gia za difu, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia na kuzitazama jino kwa jino juani. Gasketi aliikata kutoka katika karatasi ya mfuko wa saruji, akaipaka grisi. Zile bati nyembamba za kusogeza gia mbele au nyuma hazikupatikana dukani, kwa hiyo alizikata kutoka kwenye kopo, akazisugua kwa msasa mpaka zikawa na unene mmoja. Alisaga udongo mwekundu laini kama unga, akauchanganya na oili, akayapaka meno ya gia na kuizungusha kwa mkono. Palipofutika rangi ndipo meno yalipogusana. Yaligusana juu mno. Akafungua, akaongeza bati, akafunga, akapaka tena. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Kamene ndiye aliyekuwa na macho makali, naye aliinama kila mara akasema, "Bado," mpaka siku aliposema, "Sasa."

Watoto wa jirani walipita wakipiga makofi. Hakuinua kichwa.

Jipi ilipokuwa tayari, aliwaita wale saba Jumapili baada ya ibada. Hakuwaita nyumbani. Aliiendesha hadi uwanja wa soko mbele ya watu wote, na watu walikuja kwa sababu walitaka kucheka.

Difu ilikuwa inalia. Si kilio kikubwa, ila mluzi mwembamba uliopanda na kushuka na mwendo.

"Hii ndiyo umeitengeneza?" alisema Gachanja. "Mbona inalia? Ile ya kwanza haikulia."

Kicheko kilizunguka soko lote. Ndambuki alisubiri kiishe.

"Inalia kwa sababu ina miaka minane," alisema. "Ile ya kwanza haikulia kwa sababu ilizibwa mdomo kwa ndizi. Mimi nilisikia kimya nikakiita afya. Nilitaka kuifungua, nikachekwa, nikaona haya. Hilo ni kosa langu, na nalisema hapa ili mtu asilitafute kwa mwingine. Kosa la kutia ndizi si langu. Aliyeuza anajulikana, na karatasi yake anayo."

Hakulitaja jina. Hapakuwa na haja.

Akalaza turubai chini, akaingia chini ya jipi akiwa na suruali yake ya kanisani, akaifungua nati ya difu. Oili ikatoka katika karai, nzito, safi. Akamwita Waithira ainuse.

"Oili," alisema Waithira kwa sauti ya kutangaza. "Oili tupu."

Gachanja naye aliinama akanusa, ingawa hakujua anachonusa. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposimama alimwambia Ndambuki, "Kesho maziwa ni saa kumi na moja. Utaendesha wewe kwanza wiki hii, tukuone." Huo haukuwa msamaha, lakini Ndambuki aliuchukua.

Kazi haikurudi mara moja. Ilirudi kwa kuchungulia, baiskeli kwanza, halafu pikipiki ya katekista. Miezi minne baadaye walikuja wauza makaa watatu kutoka Thika, mkubwa wao akiitwa Philip. Wamepata lori la jeshi, wakasema. Linauzwa na Tolley.

"Twende," alisema Ndambuki.

Tolley alipomwona akishuka kwenye baiskeli alikunja uso. Lori lilisimama mbele ya ghala, limeoshwa. Ndambuki hakutoa bisibisi. Alitoa spana na karai, akaviweka ardhini mahali ambapo kila mtu ataviona.

"Bwana, kabla hawajalipa, tutafungua difu na gia, tuione oili."

"Hapana. Hakuna mtu nafungua mali yangu."

"Oili nitairudisha yote, Bwana. Hata tone halitapotea."

"Wewe nasikia au hapana? Toka hapa, mchochezi!"

Ndambuki alijua neno lile linaweza kwenda mbali kiasi gani, na alijua kuwa Tolley atalipeleka. Kweli alilipeleka: wiki iliyofuata askari wawili walikuja kuupekua uwanja wake, wakalimwaga sanduku lake la spana kwenye matope wakitafuta jambo la kuandika, wakaondoka na nyundo mbili. Lakini pale mbele ya ghala alibaki amesimama karibu na karai lake, wala hakuwatazama wanunuzi ili awashawishi.

Philip ndiye aliyelitazama lori, kisha spana, kisha Tolley. Akafunga kifungo cha mfuko wa shati uliokuwa na pesa zao. Wenzake wakaanza kugeuza baiskeli.

Walikuwa wamefika kwenye mibuni ya mwisho ya shamba ndipo mdogo wao alipomuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kujuta, "Lakini fundi, na kama lilikuwa zima?"

"Lingekuwa zima," alisema Ndambuki, "angetushikia karai."